Khanga ya Kukaushia Gari

Siku tulipomzika mama mkwe wangu kule Kinyangiri, nilimfokea mtu nisiyemjua mbele ya waombolezaji, na waombolezaji wakacheka. Najua si jambo la kujivunia. Dereva aliyeleta jeneza alikuwa ameegesha gari lake pembeni ya uwanja, limejaa vumbi kuanzia vioo hadi matairi, naye kwa kuwa hakuwa na la kufanya wakati sisi tunakula, akachukua fulana kuukuu akaanza kulifuta boneti kavukavu. Niliisikia ile sauti. Anayeijua haisahau, ni kama mchanga kwenye wali. Kabla sijafikiri nikawa nimeshasimama na sahani mkononi: "Wee bwana! Weka chini hiyo fulana, unalikwaruza gari la watu!" Dereva akaduwaa. Uwanja mzima ukageuka kunitazama, halafu kutoka kwa wanawake, chini ya turubai, sauti ya Mama mdogo Naomi, mdogo wake marehemu, ikasema, "Mwacheni, huyo ndiye bwana magari mwenyewe. Nyie fungeni khanga zenu vizuri." Loo! Wazee walicheka mpaka wakajifuta machozi, na siku ile machozi hayakuwa mbali. Vijana wakabaki kuulizana kuna nini. Mke wangu, Eliwaza, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka kwa kufiwa na mama yake, aliinamisha uso, sikujua kama analia au anacheka. Mimi nikaketi. Nina mvi, nina wajukuu, lakini masikio yaliniwaka kama ya kijana aliyefumaniwa.

Mwaka kisa hicho kilipoanza nilikuwa kijana, nikiosha magari Singida mjini, kando ya ziwa Kindai, kwenye kijiwe cha mtu mmoja aitwaye Ramadhani. Nililala kwake, katika chumba kidogo cha uani ambacho nusu yake ilikuwa ndoo, sabuni ya unga na mipira ya maji, na nusu nyingine godoro langu. Chumba kilinuka sabuni na nguo mbichi, na mpaka leo nikiipata harufu hiyo nasikia njaa, kwa sababu upande wa pili wa ukuta ndiko mke wa Ramadhani alikopikia. Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda, siku nzuri tukapata na dagaa, na baada ya kula mimi nilirudi chumbani, wao wakabaki kunisema bila kujua kwamba ukuta ule haukuzuia hata chafya. "Huyu Mgogo wako kula anajua," mke alisema. "Ila mikono yake laini kama ya bibi harusi. Kazi ataiweza kweli?" Ramadhani akajibu, "Mikono laini ndiyo ninayoitaka. Mwenye mikono migumu akachimbe visima." Nililala na furaha ya kijinga usiku ule. Nilikuwa nimekuja kutoka Kintinku sina hili wala lile, na hapa kulikuwa na mtu aliyeona kuna kitu ninakiweza.

Kazi yenyewe ilikuwa kukausha. "Kuosha hata mvua inaosha," Ramadhani alikuwa akisema. Maji ya Kindai ni ya chumvi. Ukiyaacha yakauke juani juu ya rangi nyeusi, gari linabaki na madoa meupe kama lina ugonjwa wa ngozi, na ukija na kitambaa kikavu kuyafuta hayo madoa, umekwisha, maana chumvi na mchanga vimeshageuka msasa. Kwa hiyo maji ya ziwa yalikuwa ya kutolea tope tu. Ya mwisho yalikuwa ya bomba, tunayamwaga polepole kutoka juu ya paa ili yateremke yenyewe na kuondoka na chembe za mchanga. Halafu gari linasogezwa kivulini, na hapo ndipo unapotakiwa utulie. Unachukua kitambaa kikubwa, laini, kilicholoweshwa kikakamuliwa, unakitandaza juu ya boneti kama unavyotandika shuka, unakishika ncha mbili, unakivuta kuja kwako taratibu. Hukandamizi, wala huzungushi mkono. Nilipojisahau nikazungusha, Ramadhani alinipigia kelele akiwa kwenye kiti chake: "Unakausha gari au unasugua sufuria?" Na sheria yake kubwa kuliko zote ilikuwa hii: kitambaa kilichoanguka chini hakirudi kwenye gari, hata kama ndicho pekee ulichonacho na mwenye gari amesimama anatazama saa. Vitambaa vyetu vilikuwa khanga kuukuu. Khanga mpya haifai, bado ina wanga wa kiwandani, inasukuma maji badala ya kuyanywa. Inayofaa ni ile iliyofuliwa miaka na miaka, maandishi yamefutika, ukiiinua unaona jua upande wa pili.

Khanga hizo alituletea Eliwaza. Alikuwa akijifunza cherehani mjini, na kwa fundi wake nguo kuukuu hazikukosekana. Mwanzo alikuja kwa Ramadhani, baadaye akawa anakuja kwangu, na Ramadhani akaanza kusema kwa sauti, "Mbona matambara yamekuwa mengi kuliko magari?" Nilimpenda kwa jinsi alivyokuwa akinicheka. Tulipokubaliana nipeleke watu kwao, alinikalisha chini juu ya ndoo iliyopinduliwa akanifundisha kama mtoto wa shule. Kwao, alisema, mambo ya ukwe si ya mchezo. Mkwe hamkazii macho mama mkwe wake. Hali naye, haingii chumbani kwake, na nguo ya mama mkwe haigusi kabisa, hata ikiangushwa na upepo mbele yake anaiacha. "Usije ukaniaibisha, Yona," akasema. Nikacheka. "Nguo ya mama yako mimi nitakutana nayo wapi?"

Mshenga wangu alikuwa Mzee Mpinga, mnunuzi wa alizeti, mteja wetu mwenye gari dogo jeusi alilolipenda kupita kiasi. Gari lile hakuna aliyeruhusiwa kulikausha isipokuwa mimi, na kwa sababu hiyo tu alikubali kunisemea. Tulikwenda nalo Kinyangiri msimu wa mvua unaisha. Njiani tukavuka korongo lililokuwa bado na maji, tukafika kwa wakwe na gari lina tope mpaka kwenye vioo. Wakatupokea vizuri mno. Tukanawa, tukala kuku, mimi nikiwa nimekalishwa mbali na mlango wa jikoni kama inavyostahili. Mama Eliwaza nilimwona mgongo tu. Maongezi yalipoanza, nikaambiwa nitoke nje, maana mwoaji hakai kwenye maneno ya kumwombea mke. Mzee Mpinga akaninong'oneza, "Basi nitazamie gari. Wazee watatusindikiza, sitaki waone tope." Hilo nililiweza. Niliona hata ni bahati, maana kijana wa watu mwenye hofu akipewa kazi anayoijua anatulia.

Nilichota maji kisimani kwao. Nilipoyaonja, chumvi. Juu jua la mchana limesimama, na uwanja hauna hata mti wa kutia kivuli gari. Nikaosha haraka, nikamwaga ndoo ya mwisho juu ya paa, na nilipoinama kuiweka ndoo chini, kitambaa changu kikateleza begani kikaanguka mchangani. Kimoja tu nilichokuja nacho. Nikakiangalia. Mtu mwingine angekikung'uta akaendelea, na laiti ningekuwa mtu huyo! Lakini nilikuwa nimefundishwa, na niliyajua masikio ya Mzee Mpinga, hata mkwaruzo mdogo angeusikia akiwa ndani. Kwenye paa maji yalishaanza kukauka, madoa meupe yanatokea moja moja. Kwenye kamba ya mbele zilianikwa nguo nzuri, mashati na sare za shule, hizo sikuthubutu kuzitazama mara mbili. Nikazunguka nyuma ya nyumba kutafuta tambara lolote. Huko, juu ya ukuta wa bafu uliojengwa kwa mabua ya mtama, peke yake, ilianikwa khanga imechakaa mpaka imekuwa kama utando, na viraka hapa na pale. Nikasema moyoni, Mungu hanitupi. Nikaichukua.

Nani anatia viraka kwenye tambara? Swali hilo lilinijia nimeshachelewa. Na kwa nini tambara lianikwe mafichoni? Nimejiuliza miaka yote, na jibu ni kwamba sikufikiria nyumba wala watu wake, nilifikiria rangi ya gari. Niliilowesha nikaikamua, nikaitandaza juu ya boneti upana wake wote, nikashika ncha mbili nikaivuta. Sijawahi kukausha vizuri namna ile. Ilikunywa maji yote, ikaacha weusi wa kujitazamia uso. Nikaitandaza tena juu ya paa, na wakati huohuo mlango ukafunguliwa, wazee wakatoka wakicheka, maana mambo yalikuwa yamekwenda vizuri, na nyuma yao akatoka Mama Eliwaza amebeba jogoo wa kumpa mshenga. Kicheko kikakatika. Mimi nilidhani wanashangaa gari linavyong'aa. Haki ya Mungu, nilitabasamu! Nikaivuta khanga taratibu, kwa madaha, viraka vyake vyote vikipita mbele ya macho yao. Mama akamwachia jogoo. Jogoo akakimbilia kwenye mahindi, wala hakuna aliyemfukuza. Mama akajifunika uso kwa viganja akarudi ndani, na Eliwaza, aliyekuwa amesimama mlangoni, akanitazama mara moja tu, nikajua.

Ilikuwa ya kuvaa ndani. Mwanamke wa makamo ana khanga yake ya ndani ya nguo, ya kuogea na ya kulalia, na hiyo hata mumewe haipeleki mbele za watu. Mimi nilikuwa nimeitandaza juu ya paa la gari katikati ya uwanja, siku ya kumwomba binti yake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sikujua niirudishe mafichoni au niiache pale, kuishika ni aibu, kuiacha ni aibu kubwa zaidi. Mama mdogo Naomi ndiye aliyekuja akainyakua bila kunitazama. Kutoka dirishani nikasikia wanawake wakisema kwa haraka, kwa Kinyiramba, na mimi Kinyiramba sikukijua wakati ule. Nilichokielewa ni kilio tu. Baba mwenye nyumba akamwambia mshenga kwa upole, "Mzee mwenzangu, nendeni kwanza. Tutaitana." Tukaondoka. Mbele ya njia Mzee Mpinga akasimamisha gari, akashuka, akalizunguka lote akiinama, akarudi kuketi. "Umetuvua nguo, kijana," akasema. Kisha, kama aliyeshindwa kujizuia, akaongeza, "Lakini mkwaruzo hakuna hata mmoja." Neno lile liliniuma kuliko tusi.

Habari zikafika Kindai kabla ya wiki kwisha. Kijiweni nikawa "Mzee wa Khanga". Wateja walikuwa wakishuka kwenye magari wanavua koti wanasema, "Hii ni ya mama mkwe, iangalie!" na mimi nacheka nao, maana usipocheka wanazidi. Chumbani nilikuwa nikisikia ukutani mke wa Ramadhani akisema, "Huyu siku hizi hali chakula." Wazee wa Kinyangiri wakataka kondoo wa kusafisha kosa. Kondoo akapelekwa, akachinjwa, akaliwa, na bado tukajibiwa kwamba mama hajatoa neno, na bila neno la mama binti haondoki. Nikaanza kumwona ni mkali kupita kiasi. Nilisema hivyo kwa Eliwaza, siku aliyokuja ziwani baada ya kukaa muda mrefu bila kuja. Nikamwambia mimi sikujua, nilichukua ile kwa sababu ilikuwa laini, khanga mpya inasukuma maji, kondoo nimetoa, mama yake anataka nini tena?

"Unadhani mama amekasirikia mila?" Eliwaza akasema. "Mila wazee wameshaila na kondoo wako. Mama anayo hiyo khanga moja tu, Yona. Kila kilichopatikana nyumbani kilikuja huku kwenye cherehani yangu. Anaifua saa ambayo hakuna mtu, anaianika nyuma ya bafu ili hata majirani wasijue. Siku ya wageni aliazima kitenge kwa Mama mdogo ili aonekane. Wewe ukamtolea viraka vyake nje." Nilikuwa na kitambaa mkononi, nikawa nakikamua tu, maji yalishakwisha zamani. Hapo ndipo nilipoona aibu yenyewe. Ile niliyokuwa nayo siku zote ilikuwa kiburi kilichoumia, nikijihesabia jinsi watu walivyonicheka mimi. Sikuwa nimemfikiria yeye hata siku moja, ameketi katika nyumba yake mwenyewe asijue atatokaje nje.

Kwa akili zangu za wakati ule nikasema nitanunua doti mpya nzuri ya khanga, niipeleke pamoja na wazee, ifunguliwe mbele ya ukoo wote. Eliwaza akashika kichwa. "Unataka kumvua mara ya pili?" Akanieleza kama mtu anavyomweleza mgonjwa. Kwa hiyo niliichagua doti, ya zambarau yenye maua meupe, tukaizamisha katikati ya mchele ndani ya kiroba, tukakishona mdomo, na kiroba nikampa Mama mdogo Naomi siku ya mnada, nikamwambia ni mchele tu wa kumsalimia dada yake. Alikipima kwa mkono, akaniangalia, akasema, "Mchele wenu mwepesi," basi. Mahindi yalipokuwa yanavunwa likaja neno kwamba mama amesema tuje. Alitoka nje siku ile amesimama wima. Nikamwamkia kwa mbali macho chini, "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu," akajibu. "Magari hayajambo?" Nikaona watu wanajikaza wasicheke.

Ndivyo alivyonisalimia maisha yake yote. Nimekuwa dereva, nikaacha udereva, nikawa na gari langu mwenyewe, watoto wakazaliwa wakaoa, na kila nikifika Kinyangiri ni "Magari hayajambo?" kutoka upande wa jikoni, nami najibu hayajambo huku nikitazama ardhi. Sikujua kamwe kama ni utani au ni fimbo. Kuhusu doti ile hakusema neno, na mimi ningeulizaje? Mkwe haulizi mama mkwe wake anavaa nini. Nilichojua ni kwamba sikuiona mwilini mwake hata siku moja. Eliwaza alimpelekea khanga na vitenge kila Krismasi, hivyo alivivaa mbele za watu. Ile ya zambarau haikuonekana, na nikaamini kwamba aliigawa, au aliifungia sandukuni kwa uchungu, na nikaona ni haki yangu.

Siku ya kuanua matanga wanawake waliingia ndani kugawana nguo za marehemu, wanaume tukabaki nje. Nilikuwa nimejitenga kando ya gari langu, nalo lina vumbi la siku zote zile. Mama mdogo Naomi akatoka kwa mlango wa nyuma, anatembea kwa shida sasa, ameficha kitu kwapani. Akaja mpaka akasimama upande ambao watu hawatuoni.

"Dada kaacha neno," akasema.

"Neno gani, mama?"

"Kasema hii upewe wewe. Kasema sasa imelainika, itakausha."

Nilijua kabla hajaifunua. Zambarau ilikuwa imebaki kama kivuli, maua yamefutika. Sikunyoosha mkono. "Mama, mimi ni mkwe," nikasema. "Siwezi kuigusa."

"Mwenyewe kasema. Mimi natumwa tu." Akanitazama, yule yule aliyetuchekesha uwanja mzima, na sasa hakuwa anacheka. "Ameivaa ndani ya hizo zenu zote mpaka siku ya mwisho. Ikichanika anashona. Tulimwambia aitupe, akasema bado haijawa tayari."

Akaiweka juu ya boneti, kwenye vumbi, akarudi ndani akijikongoja. Niliinama kuitazama. Ilikuwa imekuwa utando, na viraka vyake vimeshonwa kwa mkono, mishono midogo midogo ya mtu mwenye subira. Alinivalia aibu yangu miaka yote ile, akanichokoza nayo kwa ile salamu ya magari, na mimi nikadhani amenifungia moyo. Nililia, sina haja ya kuficha. Kutoka uwanjani yule dereva niliyemfokea, ambaye alikuwa amerudi kuchukua viti na maturubai, akaniona nimeinamia gari. Akaja akipunguza mwendo kwa heshima. "Mzee, naona umepata kitambaa," akasema. "Lete nikukaushie mimi, leo nitakausha kwa adabu."

Nikamwambia asihangaike, gari litakwenda na vumbi lake. Nikaichukua khanga kwa mikono yangu miwili, nikaikung'uta kidogo, nikaikunja viraka vikae ndani, na nikaificha chini ya koti kabla mtu mwingine hajageuka.